Yaya wa Kuku

Kitanda changu cha kwanza nilikinunua kabla sijapata nafasi ya kukilalia. Fundi wake alikuwa mtaa wa Bondeni, Nakuru, akitengeneza vitanda na majeneza katika kibanda kimoja, na nilimwambia nataka kipana, cha mama na mtoto. Kilipoletwa kwenye chumba changu, nyuma ya nyumba ya Wahindi walioniajiri huko mtaa wa Section 58, kilikataa kupita mlangoni. Fundi akakigeuza huku na huku, akakitukana, mwishowe akakivunja vipande na kukiunga upya mle ndani. Kikameza chumba chote. Ukifungua mlango unapigwa magoti na kitanda. Kisha kikakaa humo miaka, kimetandikwa shuka safi, bila mtu, maana mimi nilikuwa nalala kwenye nyumba kubwa, juu ya mkeka, kando ya kitanda cha mtoto wa tajiri.

Ndivyo kazi ya yaya ilivyokuwa. Mtoto akikohoa, wewe uwe umeshaamka. Tajiri wangu na mkewe walikuwa na duka la vitambaa si mbali na stesheni, wakitoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi la Nakuru kwenye nyusi, kwa hiyo binti yao nilimlea mimi. Nilimgombeza kwa lugha ya kwetu Maragoli, nikambembeleza kwa hiyohiyo, na alipoanza kusema, akasema Kimaragoli. Wazazi wake walicheka. Mama wa tajiri hakucheka. Huyo ndiye aliyeitawala nyumba, bibi mwembamba wa sari nyeupe, mjane, na kila mtu pale alimwita Ba, ambayo kwao ni mama. Mimi nilimwita Ba. Muuza maziwa alimwita Ba. Ba alijua Kigujarati peke yake, mjukuu wake alijua Kimaragoli zaidi, na mimi nilikaa katikati yao nikitafsiri. Nyanya na mjukuu wa damu moja, wanazungumza kupitia kwangu mtu wa kuajiriwa. Na kusema kweli, nilikuwa natafsiri nipendavyo. Mtoto akisema hataki mtindi, mimi nilisema anauliza kama Ba ameshiba.

Nilikuwa na mtoto wangu pia. Yeye alikuwa nyumbani kwa mama yangu. Baba yake alikwenda Kampala kutafuta kazi, akaipata, nayo ikamweka hukohuko. Mimi nilimwachisha mtoto ziwa nikapanda treni. Kila Desemba nikienda likizo nilimkuta amerefuka, amejificha nyuma ya sketi ya mama yangu, na anasema kwa sauti ya kutangaza, "Mama, yule wa Nakuru amekuja na sukari." Mama ni mama yangu. Yule wa Nakuru ni mimi. Sijui kama umewahi kuitwa hivyo na mtu uliyemzaa. Inauma, na sitaki kuipamba.

Basi nilitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto wangu aje alale kwenye kile kitanda. Na kitu hicho kilikuwa na milango miwili, yote imefungwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa tajiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulisema chumba cha nyuma ni cha mfanyakazi. "Wewe nafanya kazi, wewe nakaa," aliniambia. "Toto yako nafanya kazi gani?" Nikasema ni mtoto, hafanyi kazi. Akafungua mikono yake miwili kuonyesha kwamba mimi mwenyewe nimeshajibu.

Mlango wa pili ulikuwa wa mama yangu, na huo ndio ulinikasirisha zaidi. Nilimwambia Desemba moja kwamba nataka kumchukua mtoto. Aliacha kuchambua maharagwe akanitazama.

"Aende Nakuru kufanya kazi gani?"

"Akae na mimi."

"Akae?" Alilitamka hilo neno kama ugonjwa. "Mtu hakai Nakuru. Nakuru ni ya kazi. Kukaa ni hapa."

Na kwa kweli, ukihesabu watu wote wa kijiji chetu waliowahi kwenda Nakuru, wa reli, wa kiwanda cha maua ya pareto, wapishi, mayaya, hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa. Hata waliokaa huko mpaka wakaota mvi walikuwa bado hawajakaa. Mama hakuwa akinibishia, alikuwa anaeleza jinsi mambo yalivyo. Nilitamani kumtupia sufuria.

Sasa nieleze habari ya nyama, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote.

Katika nyumba ile hakukuliwa nyama, wala samaki, wala yai. Hata harufu yake ilikatazwa kuruka ua. Mfanyakazi akila nyama huko nje ni shauri yake, ila aoge mwili mzima kabla hajamgusa mtoto. Na maji ya Nakuru asubuhi, upepo ukitoka upande wa mlima Menengai, yanakata mifupa. Mwanzoni nilioga. Baadaye nikachoka kuoga, nikaacha nyama. Watu walipokuja kusema nimeingia dini ya Kihindi, nilicheka. Nimeingia dini ya uvivu. Lakini miaka ikapita na tumbo langu likazoea dengu na chapati, na Desemba ileile mama aliponiwekea kuku mezani, harufu yake ikanipanda kichwani nikasukuma sahani.

Kwetu, kumsukuma kuku ni kumsukuma mtu. Mama akauliza kwa upole wa kutisha, "Huko wanakulisha nini?"

"Chakula kizuri tu. Ila kuku hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Nyumba nzima."

"Na wako na duka?"

"Wako na duka kubwa."

Akatikisa kichwa. Niliona huruma inamwingia, nikadhani ananihurumia mimi. Kumbe alikuwa anawahurumia wao. Mimi nilidhani nimesema Wahindi wangu hawali kuku. Yeye alikuwa amesikia habari ya watu wanaovaa vizuri, wanaokaa nyumba ya mawe, na ambao umaskini umewabana ndani kwa ndani mpaka hawana kuku hata mmoja wa kumchinjia mgeni.

Miezi kadhaa baadaye, nikianika nguo nyuma ya nyumba, nikasikia mtu anaita hodi kwa lugha ya kwetu. Mama yangu alikuwa amesimama getini na kikapu, na ndani ya kikapu kuku jike mwekundu amefungwa leso shingoni. Amekuja naye kwenye treni kutoka Luanda, stesheni ya karibu na kwetu. Leso alimfunga walipofika Molo, kwa sababu ya baridi. Stesheni ya Nakuru aliulizia nyumba ya Wahindi wasio na kuku, na mchukuzi mmoja akamwelekeza Section 58 bila kusita. Akabisha nyumba kadhaa. Kote akaambiwa ndiyo, hapa hatuna kuku, lakini yaya wetu si binti yako.

"Mama, kuku wa nini?"

"Wa hawa watu," akasema. "Nimewaletea, wanichinjie. Hawatapata aibu."

Lazima uelewe kwetu jambo hili lina uzito gani. Mgeni wa heshima akija kwako mara ya kwanza, anachinjiwa kuku. Akiondoka bila kuchinjiwa, umemwambia si mtu. Atafika nyumbani, wanawake watamzunguka, swali la kwanza litakuwa lile, na atajibu nini? Mama yangu alitaka kuwaona watu wanaonilisha, na alijua wakishindwa kumchinjia itabidi awachukie maisha yake yote. Hakutaka kuwachukia. Ndipo akawabebea.

Ba alisikia sauti ya kuku kwenye ua wake, akatoka kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona. Wakasimama wale mabibi wawili, mmoja sari nyeupe, mmoja gauni la maua na kitambaa kichwani, kuku katikati. Na mimi, kama kawaida, pembeni, wa kutafsiri.

"Mwambie nimemletea kuku," mama akasema.

Nikatafsiri. Ba akaweka mkono kifuani. Akauliza kwa nini.

Nilifikiri haraka. Ningesema kweli, kwamba huyu mama anataka umchinje mnyama huyu umpikie, Ba angezimia, nami ningefukuzwa kabla ya chai. Nikasema, kwa Kigujarati changu chenye Maragoli ndani yake, "Anasema anauweka uhai huu mikononi mwako."

Macho ya Ba yakajaa machozi. Kwa watu wake, kumbe, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Kuna watu huko kwao, aliniambia baadaye, wanaojenga nyumba nzima za kutunzia ng'ombe vipofu na njiwa waliovunjika mabawa, ili roho zao zipate thawabu, na yeye tangu avuke bahari hakuna aliyemletea hata panya. Akaingia ndani, akatoka na uzi mwekundu. Akaniambia nimwambie mama kwamba kuku huyu hatadhurika katika ua huu mpaka Mungu mwenyewe amchukue.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Ameshukuru sana."

"Atachinjwa lini?"

"Wao... wanangoja afe mwenyewe."

Mama akamtazama kuku. Alikuwa kuku kijana, mwenye afya, manyoya yanang'aa. Akamtazama Ba. Akafikiri kidogo, akaweka kikapu chini, akavua viatu.

"Desturi ya watu ni desturi ya watu," akasema. "Basi nitangoja."

Ndivyo mama yangu alivyohamia Nakuru. Alilala kwenye kitanda changu, akawa mtu wa kwanza kukilalia, akakisifu. Asubuhi alitoka, akakaa kwenye kigoda karibu na stoo ya makaa ambako kuku aliwekwa, akamkagua kama amedhoofika. Hakudhoofika. Ba naye alitoka kila asubuhi na mawele kwenye kiganja, akamnyunyizia akiwa mbali kidogo, kwa sababu kulikuwa na shida nyingine. Katika nyumba ile kuku hawezi kuguswa. Anaheshimiwa, anaombewa, lakini ukimgusa umechafuka, lazima uoge. Hata ule uzi mwekundu, Ba alimpa mama amfunge kuku mguuni. Mimi pia sikuweza kumgusa, maana mikono yangu ilikuwa ya kumshika mtoto na ya kukanda unga. Mzee wa bustani aliweza kumgusa, tena alijitolea mwenyewe, ila alimtazama kuku kwa namna ambayo hata Ba, mtu asiyejua maana ya mchuzi, aliielewa. Akakatazwa kusogea. Ikabaki mama yangu. Alimfungulia asubuhi, akamfungia jioni, akamtoa viroboto, akafagia uchafu wake. Alikuwa anamtunza kuku vizuri kabisa huku akingojea kifo chake, na Ba, aliyekuwa akiombea maisha marefu, alimwona mama kuwa mtakatifu.

Kila siku waliulizana hali ya kuku kupitia kwangu.

"Mwambie leo amekula vizuri," mama angesema kwa masikitiko.

"Anasema amekula vizuri," ningetafsiri, na Ba angeinua mikono kwa furaha, na mama angeona wanafurahi kwamba kuku ananenepa, akatulia kidogo, akidhani sasa wanakaribia.

Tajiri alivumilia, kisha akaanza kuuliza. "Hii mama yako nakaa mpaka lini?" Nikasema mpaka kuku afe. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alinitazama muda, akatazama dirishani kwa mama yake aliyekuwa akimwimbia kuku, akarudi kwenye chai yake. Miaka ile majirani kadhaa walikuwa wakifunga masanduku kwenda Uingereza, na yeye kila siku alirudi na habari za pasipoti. Nadhani kichwa chake hakikuwa na nafasi ya kuku.

Mimi ndiye niliyekosa uvumilivu. Nyumba ya jirani ilikuwa ya Singasinga mmoja, Mhindi wa kilemba mwenye gereji, watu wa nyama, na mpishi wao alikuwa wa kwetu. Nikapatana naye. Akanunua jogoo sokoni, akachinjwa upande wa pili wa ua, akapikwa vile mama anavyopenda, na mama akavushwa kupitia pengo kwenye ua wa miti, akaandaliwa meza jikoni kwao. Alikula jogoo yule wote isipokuwa mifupa, na mifupa aliivunja. Akanawa. Mpishi na mimi tukatazamana, tukashusha pumzi.

"Asante," mama akasema. "Huyu alikuwa wa Singasinga. Na wa wenyeji wangu?"

"Mama, kuku ni kuku!"

"Si wenyewe walionichinjia. Nikiulizwa nyumbani, nitasema nilichinjiwa na jirani?"

Akarudi kupitia pengo lilelile, akakaa kwenye kigoda chake. Ba alikuwa hapo na mawele. Upepo ulikuwa umegeuka, na Ba akakunja pua. Mama akalazimishwa kuoga, akaoga, na akaniambia hajawahi kuona watu wenye shida kama hawa.

Ndani ya siku hizo nilimuomba tena habari ya mtoto. Nilifikiri ameona chumba, ameona kitanda, amesikia kengele ya shule ya jirani ikilia asubuhi. Tulikuwa tunachambua mchele. Nikamwambia naogopa mtoto atakua bila kunijua. Nilisema hivyo waziwazi.

Mama alitupa changarawe moja nje ya ungo. Halafu akaniambia, bila ukali, "Hata mimi nilikulea ukue uende kazi. Huyo naye akipata kazi atakuja. Sasa hivi angekuja kama nani?"

Nikaendelea kuchambua mchele. Kama mtoto wangu, ndilo lililokuwa jibu, lakini kule na huku hakukuwa na mahali pa kuliweka.

Kisha kuku akataga. Hilo hakuna aliyelifikiria. Yai nalo halikuliwa, halikuguswa, halikutupwa, kwa hiyo likaachwa. Akataga lingine. Akayalalia yote, ingawa hapakuwa na jogoo mahali popote karibu, na yai lolote lisingeanguliwa hata akilalia mpaka leo. Mama aliliona hilo na kukaa kimya. Ba hakulijua, na alingojea vifaranga kama mtu anayengojea harusi. Na mvua ikaanza kunyesha, na mama akapata habari, kupitia mtu wa reli, kwamba maharagwe yake nyumbani yamezidiwa na magugu. Akaanza kutazama upande wa stesheni. Lakini hakuondoka. Aliugua kwa kutaka kuondoka, na hakuondoka, kwa sababu hakuchinjiwa.

Ba aliona. Asubuhi moja aliniita mbele ya wote, hata tajiri alikuwepo, anavaa viatu. Akasema mama huyu amechoka, ana shamba lake, haifai kumfunga hapa. Lakini akienda, nani atabaki na kuku? Huyu yaya hawezi kumgusa. Yule wa bustani, Mungu apishe mbali. Akageukia kwangu. "Hakuna mwingine wa ukoo wenu? Wa mikono kama ya mama yako?"

Nakuapia sikuwa nimepanga. Mdomo ulijifungua wenyewe. "Yupo," nikasema. "Ni mdogo, lakini kuku anawajua."

"Anaweza kazi?"

"Anaweza."

Tajiri akainua kichwa kutoka kwenye kamba za kiatu. Nilimwona akitafuta mahali utaratibu wake ulipovunjwa, na hakupaona. Mfanyakazi atakaa chumba cha wafanyakazi. "Basi nakuja," akasema. "Asubuhi toto naenda shule. Kuku nalalia mayai asubuhi."

Nikamgeukia mama, nikamweleza. Safari hii sikubadilisha hata neno. Wanamtaka mtoto aje kufanya kazi ya kumlinda kuku wako. Nilingojea akatae. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Wamemwajiri?"

"Wamemwajiri."

"Kwa sababu ya kuku wangu?"

"Kwa sababu ya kuku wako."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu afike. Aliingia chumbani akafunga mzigo wake siku hiyohiyo, na habari ya kuchinjiwa haikutajwa tena. Baadaye niliambiwa alivyosimulia kijijini. Wanawake walimzunguka, wakauliza lile swali, naye akasema hapana, hawakunichinjia. Kuku wangu wamemtafutia mfanyakazi. Nani kati yenu kuku wake ana mfanyakazi? Hakuna aliyekuwa naye.

Mtoto alikuja na mtu wa kwetu wa kiwanda cha pareto aliyekuwa akirudi kutoka likizo. Nilimpokea stesheni. Alikuwa amenyolewa upya, amevaa gauni la kanisani, na mkononi ameshika mfuko wa mtama. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Nilipiga magoti pale kwenye jukwaa la treni, watu wakipita, nikamkumbatia. Alisimama wima ndani ya mikono yangu mpaka nilipomaliza.

"Kuku yuko wapi?" akaniuliza.

Nilimpeleka. Alimkagua chini ya mkia na chini ya mabawa vile mama yangu alivyomfundisha, Ba akitazama kwa mbali na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Jioni nikamwogesha, nikamlisha dengu, akala bila kulalamika, kama mtu aliyeambiwa mapema kwamba kazini chakula ni kile kinacholetwa. Kisha nikafungua mlango wa chumba changu. Nilikuwa nimetandika shuka ambayo sikuwahi kuitumia.

"Hapa ndipo tutalala," nikamwambia. "Mimi na wewe. Nilimwambia Ba leo usiku sitalala ndani."

Alikitazama kitanda. "Na kuku analala wapi?"

"Stoo ya makaa."

"Basi na mimi nitalala huko."

"Mwanangu, huko ni kuchafu. Kwa nini?"

"Mama kule nyumbani alisema wewe unalala chini, kando ya yule mtoto wako. Alisema ndiyo kazi yenyewe. Akikohoa unakuwa umeshaamka." Na akaanza kuukunja mkeka uliokuwa mlangoni.

Ningembishia nini? Nilikwenda stoo, nikambeba kuku kwa mikono yangu miwili, kwa mara ya kwanza, kuoga kutajijua, nikamleta chumbani nikamfunga kwenye mguu wa kitanda. Mayai yake nikayaweka kwenye karai. "Haya, yuko hapa. Panda." Hakupanda. Alitandika mkeka sakafuni, kwenye nafasi ile ndogo iliyobaki, akalala kando ya kuku, mkono mmoja juu ya mgongo wake.

Nikiwa bado nimesimama, mlango ukanipiga. Alikuwa Ba, amembeba mjukuu wake analia, hajazoea kulala bila kuniona chini pale. Mtoto akaniona, akanyamaza, akaona kitanda, akatambaa juu yake, akavuta shuka yangu mpya mpaka kidevuni na kulala palepale. Ba akakaa ukingoni, sari yake mbali na kuku. Basi kitanda cha mama na mtoto, kile kilichovunjwa na kuungwa, kikapata wa kukilalia, mtoto wa tajiri na nyanya yake.

Mimi nikajilaza chini, nusu kwenye mkeka, nusu kwenye saruji, upande wa pili wa binti yangu. Nywele zake zilinukia moshi wa nyumbani. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikaweka mkono wangu juu ya mgongo wake, kama yeye alivyouweka wake kwa kuku.

Alifungua macho. "Wewe unamlinda nani?" akanong'ona. "Mtoto wako yuko juu."

"Ninakulinda wewe."

Alifikiri. Alikuwa anafikiri kwa uso mzima, kama mama yangu.

"Nani amekuajiri?"

Ba aliinama kutoka kitandani, akaniuliza kwa Kigujarati mtoto anasema nini. Nikamwambia anauliza kama kuku amekula. Ba akafurahi sana, akasema kweli tumepata mfanyakazi mzuri.